Jeshi la Kwantung: Jinsi Lilivyovunjika kwa Siku Kumi

Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka wa 1944, wakalifuata bonde la Kabaw katika mvua na matope mpaka Kalewa, walimwona Mjapani kwa macho yao. Hakupenda kuinua mikono. Mara nyingi alikaa katika handaki lake mpaka akauawa humo. Basi ni ajabu kusikia kwamba jeshi la Kijapani lililosifiwa kuliko mengine yote, lenye watu wapatao laki saba, lilivunjika katika mwezi wa Agosti, 1945, kwa muda wa siku kumi hivi, na watu wake wengi wakaweka silaha chini wakawa mateka. Jeshi hilo ndilo Jeshi la Kwantung, lililokaa Manchuria, nchi iliyo upande wa kaskazini-mashariki ya China, ambayo ukubwa wake ni kama Kenya mbili.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka wa 1905 Japani iliishinda Urusi, ikapata rasi ya Kwantung pamoja na reli ya kusini mwa Manchuria, ikaweka askari wa kuilinda reli hiyo. Mwaka wa 1919 walinzi hao walifanywa jeshi kamili. Walipewa maofisa hodari, na maofisa hao, wakiwa mbali na Tokyo, wakazoea kujiamulia mambo. Mwezi wa Juni, 1928 baadhi yao walitega baruti njiani wakamwua Zhang Zuolin, mtawala wa Manchuria, ndani ya gari moshi lake. Hawakupata adhabu ya maana. Tarehe 18 Septemba, 1931 maofisa wengine walilipua kipande cha reli karibu na Mukden, wakawasingizia Wachina, kisha wakaitwaa nchi nzima kabla serikali yao haijawapa ruhusa. Mwaka uliofuata ikatangazwa dola mpya, Manchukuo, na Puyi, aliyekuwa mfalme wa mwisho wa China katika utoto wake, akawekwa kuwa mkuu wa dola hiyo, na mwaka wa 1934 akaitwa mfalme. Amri zote za maana zilitoka kwa jeshi.

Toka hapo kuwekwa katika Jeshi la Kwantung kulikuwa ni heshima kubwa kwa askari wa Kijapani. Walakini onyo la kwanza lilikuja mapema. Mwaka wa 1939, katika mpaka wa Mongolia mahali paitwapo Nomonhan, jeshi hilo lilipigana na Warusi walioongozwa na Zhukov. Mwezi wa Agosti vifaru vya Kirusi viliwazunguka Wajapani, na divisheni yao ya 23 ikakaribia kuangamia yote. Somo lilikuwa wazi: ushujaa wa askari wa miguu hautoshi mbele ya vifaru vingi vyenye mizinga mizuri. Lakini habari za kushindwa zilifichwa zisiwafikie raia, na neno likifichwa ni vigumu pia kulijifunza. Miaka sita baadaye askari wa jeshi hilo walikuwa bado hawana silaha ya kufaa ya kuvunjia kifaru.

Jambo la pili lililolidhoofisha halikutoka kwa adui. Mwezi wa Aprili, 1941 Japani na Urusi zilifanya mapatano ya kutopigana kwa miaka mitano, na mwisho wa mwaka ule Japani ikaingia vitani na Marekani na Uingereza. Kila vita vya visiwani vilipozidi kuwa vikali, wakuu wa Tokyo walitazama Manchuria kama mtu atazamavyo ghala yake wakati wa njaa. Mwaka wa 1944 divisheni ya kwanza ilipelekwa Leyte katika visiwa vya Filipino, ikaangamia huko karibu yote. Divisheni ya 29 ilikwenda Guam, ya 24 Okinawa, na divisheni ya pili ya vifaru ikaenda Luzon. Ndege nzuri ziliondoka, na maofisa wenye ujuzi wakaondoka. Mpaka kufika katikati ya mwaka wa 1945 divisheni za zamani zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Hata hivyo Warusi wasijue! Mahali pa kila divisheni iliyoondoka paliundwa divisheni mpya, ikapewa namba na bendera. Mwezi wa Julai, 1945 wanaume wa Kijapani waliokaa Manchuria waliitwa jeshini kwa wingi, wapata laki mbili na nusu: makarani, walimu, wenye maduka, na wakulima waliokwisha kupita umri wa askari. Wengine waliagizwa waje na chupa tupu za pombe, zipate kutiwa petroli na kutupiwa vifaru. Kwa hesabu ya watu jeshi lilikuwa limejaa. Kwa hesabu ya bunduki na mizinga mambo yalikuwa mengine. Wajapani wenyewe baadaye walilifananisha na zile sanamu za matambara zisimamishwazo shambani kuwatisha ndege.

Mkuu wa jeshi, Jenerali Yamada Otozo, hakuwa mjinga, na wakuu wa Tokyo pia walijua. Mwishoni mwa Mei, 1945 mpango wa vita ulibadilishwa kwa siri. Mipaka isingelindwa tena kwa nguvu zote. Vita vikija, jeshi lirudi nyuma mpaka pembe ya kusini-mashariki, karibu na Korea, likapigane huko milimani. Kwa askari mpango huo ulikuwa na busara. Lakini sehemu kubwa ya nchi iliyokusudiwa kuachwa ilikuwa imejaa watu.

Toka mwaka wa 1932 serikali ya Japani iliwahamisha wakulima maskini kutoka vijiji vyao ikawapa mashamba Manchuria. Mengi ya mashamba hayo yalikuwa ya Wachina na Wakorea, walioondoshwa kwa malipo madogo, na uchungu wa jambo hilo haukusahauliwa. Mwaka wa 1945 wakulima hao wa Kijapani walikuwa karibu 270,000, wengi wao kaskazini, karibu na mpaka wa Urusi. Waliambiwa kwamba Jeshi la Kwantung lawalinda. Sasa waume na vijana wao walichukuliwa na jeshi lile lile, vijijini wakabaki wanawake, wazee na watoto. Mpango mpya hawakuambiwa. Kama wangeambiwa wangeondoka, na kama wangeondoka Warusi wangefahamu. Hiyo ndiyo hoja iliyotolewa, nayo ni hoja ya mtu asiye na mtoto wake kule mpakani.

Upande wa pili Stalin alikuwa amewaahidi wenzake huko Yalta, Februari 1945, kwamba ataingia vita vya Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Tangu Mei magari moshi yalikwenda mashariki usiku na mchana kwa njia moja ndefu ya Siberia, yakichukua askari, vifaru na petroli. Zilipotimia siku, Jemadari Vasilevsky alikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, vifaru na mizinga ya kujiendesha yenyewe kama 5,500, na ndege zaidi ya 3,500. Wajapani waliona baadhi ya matayarisho hayo, lakini wengi wa wakuu walijipa moyo kwamba Mrusi hatakuwa tayari kabla ya Septemba, na pengine mpaka mwaka wa 1946.

Warusi walivuka mpaka baada ya usiku wa manane, tarehe 9 Agosti, kwa pande tatu pamoja. Yamada mwenyewe alikuwa Dairen, mbali na makao yake makuu ya Changchun. Pigo kubwa lilitoka magharibi, katika milima ya Khingan, ambayo Wajapani walidhani haipitiki kwa jeshi kubwa la vifaru, basi hawakuweka walinzi wengi. Jeshi la Sita la vifaru liliivuka kwa siku tatu hivi. Kilicholisimamisha ni upungufu wa petroli, si Mjapani, ikabidi ndege ziwaletee. Mvua ilipofanya nyika kuwa tope, vifaru vilipanda juu ya tuta la reli vikaendelea juu ya mataruma, kimoja nyuma ya kingine, kuelekea Mukden.

Si haki kusema kwamba askari walikimbia kila mahali. Karibu na Mudanjiang, upande wa mashariki, walipigana kwa siku kadhaa, wengine wakijifunga baruti mwilini na kujitupa chini ya vifaru, na siku hizo ziliwapa raia wengi nafasi ya kukimbia. Ngome ya Hutou iliendelea kupigana hata baada ya mfalme wa Japani kutangaza katika redio, tarehe 15 Agosti, kwamba vita vimekwisha. Siku iliyofuata wakuu wa Jeshi la Kwantung walikubali kutii amri hiyo. Tarehe 18 na 19 askari wa Kirusi walishuka kwa ndege Harbin, Changchun na Mukden, na Puyi akakamatwa katika uwanja wa ndege wa Mukden akitaka kukimbilia Japani. Tarehe 19 mkuu wa maofisa wa Yamada alikutana na Vasilevsky kupokea masharti.

Huko Changchun magari moshi ya kwanza yaliyoondoka kwenda kusini yalichukua jamaa za maofisa wa jeshi na za watu wa reli. Wakulima wa kaskazini hawakupata gari lolote. Walitembea kwa miguu kwa majuma mengi, wakijificha mchana. Karibu na Gegenmiao, tarehe 14 Agosti, vifaru vya Kirusi vilikuta msafara wa raia wa Kijapani; watu zaidi ya elfu moja walikufa hapo, wengi wanawake na watoto. Wengine walikufa kwa baridi na homa katika majira yale ya kipupwe. Katika wakulima wale 270,000 wapata 80,000 hawakurudi.

Askari wapatao laki sita walichukuliwa Siberia kukata miti na kujenga reli, na karibu 60,000 walifia huko. Yamada alihukumiwa Khabarovsk mwaka wa 1949 kifungo cha miaka 25, akafunguliwa mwaka wa 1956. Watoto wengi waliopotea njiani walilelewa na jamaa za Kichina, baadhi yao jamaa zilizokuwa zimenyang'anywa mashamba. Mwaka wa 1981 kundi la kwanza la watoto hao, sasa watu wazima wasiojua Kijapani, lilifika Tokyo kwa msaada wa serikali kutafuta ndugu zao.