Jibu Upesi, Pokea Pesa Polepole: Somo kwa Maajenti wa Nyumba na Ploti

Tuseme kuna Mkenya anayefanya kazi Doha. Zamu yake inaisha saa tatu usiku, na kwa kuwa saa za Doha na za Nairobi ni sawa, huku kwetu pia ni saa tatu. Anaona tangazo lako la ploti ya futi 50 kwa 100 huko Kitengela. Anakuandikia: “Habari. Hii ploti bado iko?”

Wewe umezunguka na wateja tangu asubuhi na umechoka. Unajiambia utamjibu kesho. Kesho saa nne unaandika, naye anakujibu: “Pole, nilishapata mtu mwingine.”

Huyo mtu mwingine ni nani? Labda ni ajenti mzuri kama wewe. Lakini pia anaweza kuwa tapeli, kwa sababu tapeli hachelewi kujibu. Ajenti mwaminifu akilala, mteja anaangukia mikononi mwa yule aliye macho. Ndiyo maana leo tunazungumza kuhusu mambo mawili pamoja: kasi ya kujibu na usalama wa pesa.

Je, dakika zina maana kweli?

Zina maana. Mwaka 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha utafiti kuhusu kampuni za Marekani zinazopata wateja kupitia intaneti. Kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara 7 zaidi ya kupata mazungumzo ya maana naye, zikilinganishwa na zile zilizochelewa saa moja zaidi. Ukilinganisha na zilizongoja saa 24 au zaidi, tofauti ilipita mara 60. Na kati ya kampuni 2,241 zilizopimwa, asilimia 23 hazikujibu kabisa!

Ni kweli, Marekani si Ngong. Lakini sababu ni ileile. Mtu akikuandikia, simu iko mkononi na ile nyumba iko akilini. Baada ya saa chache amerudi kazini, au ameshaandikia maajenti wengine watano.

Basi nijibu baada ya muda gani?

Hakuna sheria moja, lakini unaweza kuanza na mpango huu:

- Swali la kwanza: ndani ya dakika 15 mchana, na isizidi saa moja jioni.
- Swali linalohitaji uchunguzi, kama bei ya mwisho au hali ya hatimiliki: jibu papo hapo kwamba umeliona, kisha taja saa utakayoleta jibu kamili.
- Mteja amesema ametuma pesa: acha mengine yote, angalia sasa hivi.
- Mteja anadai kurudishiwa pesa: siku hiyohiyo, hata kama jibu ni “kesho saa sita nitakupigia.”

Ukiwa umelala au uko njiani, WhatsApp Business ina ujumbe unaojituma wenyewe. Uandike kwa lugha ya kawaida: “Asante kwa kutuandikia. Saa hizi tumefunga. Nitakupigia kesho saa mbili asubuhi.” Halafu saa mbili ikifika, piga! Ahadi usiyoitimiza inaudhi kuliko kunyamaza.

Jibu la haraka pia liwe na kitu ndani yake. Mtu akiuliza kama bedsita ya Ngong bado iko, usimwambie “nipigie” tu. Mwambie: “Habari dada. Ndiyo, bado iko. Kodi ni hii, maji ni haya, unaweza kuja kuiona Jumamosi saa nne. Utakuja?” Kama imechukuliwa, sema imechukuliwa. Kumleta mtu mpaka Ngong kuona nyumba ambayo haipo ni kumpotezea nauli na siku yake.

Kwenye pesa, punguza mwendo

Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema pia haraka haraka haina baraka. Usidhani wanapingana. Methali ya kwanza ni ya kujibu ujumbe, ya pili ni ya kupokea pesa. Ukimwambia mteja “tuma ya kushikilia sasa hivi, kuna mtu mwingine njiani”, unaongea kama tapeli hata kama unasema ukweli.

Fuata hatua hizi:

1. Sachi kwanza. Mwache mteja afanye sachi rasmi kabla ya kulipa chochote. Ngong ina ofisi yake ya usajili wa ardhi, na ploti nyingi za Kitengela zimesajiliwa Kajiado. Mpe nambari ya ploti mara tu anapoiomba. Hapa ndipo kasi yako inamsaidia kweli.

2. Mkataba. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na ushuhudiwe. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, inahitajika pia idhini ya bodi ya ardhi.

3. Nambari ya biashara. Pokea kwa Till au Paybill yenye jina la biashara yako, si kwa laini yako binafsi wala ya shemeji. Mwambie mteja mapema jina atakaloliona. Likitokea jina tofauti, asitume.

4. Hakikisha kabla ya kusema “nimepokea”. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa. Usitegemee picha ya skrini aliyokutumia mteja. Angalia taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Wakati unaangalia, mjibu: “Nimeona ujumbe wako, nathibitisha sasa.”

5. Risiti. Pesa ikishaonekana, tuma risiti papo hapo: kiasi, tarehe, nambari ya ploti au nyumba, pesa ni ya nini, na kama inarudishwa mpango ukivunjika.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Mteja akikuuliza usajili wako, usikasirike. Mtumie nambari, tena upesi.

Zoezi la wiki hii

Fungua simu yako. Chukua jumbe 10 za mwisho kutoka kwa wateja wapya. Kando ya kila moja, andika saa ilipoingia na saa uliyojibu. Hesabu ni ngapi zilipita saa moja, na ni ngapi hukujibu kabisa. Halafu chagua mmoja kati ya hao na umwandikie leo: “Samahani nilichelewa. Bado unatafuta?”

Huenda bado anatafuta.