Mizinga Iliyoshuka kutoka Angani: Kikosi cha Uingereza katika Vita vya Arnhem, 1944

Neno mzinga katika Kiswahili hurejelea gogo lililotobolewa ili nyuki waingie, na pia silaha ya kurushia makombora. Katika maana zote mbili, ni kitu kisichohamishwa kwa wepesi. Uzito huo ndio uliokuwa kitendawili cha majeshi yaliyoanza kuteremsha askari kwa ndege: askari aliruka na bunduki yake, lakini nani angemlinda dhidi ya vifaru?

Waingereza walitegua kitendawili hicho kwa kuazima mzinga wa Kimarekani wa milimita 75, uliobuniwa ili ufunguliwe vipande vipande na kubebwa na nyumbu milimani. Mwaka wa 1943 kiliundwa kikosi kamili cha mizinga hiyo, kikasafirishwa kwa glaida, yaani ndege isiyo na injini inayovutwa kwa kamba na ndege nyingine. Kwanza kilipigana nchini Italia, mwaka huo huo.

Mtihani wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa Uholanzi. Kuanzia tarehe 17 Septemba 1944, kikosi kilitua magharibi ya mji wa Arnhem kikiwa na mizinga 24, chini ya Luteni Kanali Thompson. Askari wa miguu wa Luteni Kanali Frost walikuwa wameshika upande wa kaskazini wa daraja, kilomita kadhaa mbele, ila redio hazikusikilizana. Meja Munford, aliyekuwa na jukumu la kuielekeza mizinga akiwa darajani, alilazimika kurudi nyuma usiku ili redio zirekebishwe, kisha akapenya tena hadi kwa Frost. Asubuhi ya tarehe 18, magari ya Wajerumani yalipojaribu kuvuka daraja, makombora yalianguka pale alipotaka. Ni dhahiri kwamba mzinga bila mawasiliano ni chuma tu.

Baadaye mizinga ilipangwa karibu na kanisa kongwe la Oosterbeek. Tarehe 19, askari wa miguu walipokuwa wakirudi kutoka mjini wakiwa wametawanyika, Thompson aliwakusanya na kuwapanga mbele ya mizinga yake. Siku mbili baadaye alijeruhiwa. Nyumba ya Kate ter Horst, jirani na kanisa, ilijaa majeruhi. Siku hiyo hiyo ya 21, redio ziliwapata wapiga mizinga wenzao waliokuwa kusini, upande wa Nijmegen, na makombora mazito yakaanza kuwaangukia adui kutoka ng'ambo ya mto. Pengine msaada huo ndio uliozuia eneo hilo dogo lisimezwe mapema.

Usiku wa kuamkia tarehe 26, waliosalia walivuka mto Rhine kwa mashua. Kati ya askari wapatao 10,000 waliopigania upande huo wa kaskazini, waliorudi usiku huo walikuwa takriban 2,400. Mizinga, iliyoletwa kwa hila nyingi kiasi hicho, iliachwa ukingoni.