Dondoo muhimu: Pikapu ya kubeba nyumba ya safari

Anzia kwenye mizani kabla ya kwenda kwa fundi. Pima gari likiwa na kila kitu: watu, mafuta, vyombo, maji (lita 60 ni kilo 60). Ukivuka uzito wa juu uliowekwa na kiwanda, punguza mzigo. Springi nzito haziimarishi chasisi, ekseli wala breki.

Kwa mzigo wa kudumu, funga springi za nyuma zilizotengenezwa kwa uzito huo, na shokamzoba zinazolingana nazo. Kuongeza jani moja la springi huinua mkia, lakini shokamzoba za zamani hushindwa kulituliza gari. Mifuko ya hewa ya kusaidia springi siipendekezi kwa pikapu ya milango minne inayopita barabara mbovu: hukusanya nguvu sehemu moja, na hapo ndipo chasisi huweza kupinda.

Vitu vizito vikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Angalia pia uwezo wa tairi: yenye alama ya uzito 115 hubeba hadi kilo 1,215.

Kabla hujalipa, hakikisha fundi amerekebisha vali ya breki inayofuata kimo cha nyuma, kama gari lako linayo. Gari likiinuliwa, vali hufanya kazi kana kwamba halina mzigo, na breki za nyuma hupungua nguvu. Taa za mbele nazo zipangwe upya.