KIINGEREZA CHA KUANDIKA: MAELEZO YA SAFARI YAKO

Wengi wenu mliovuka kutoka Kongo mwaka 2017 na kupitia Kenani, kabla Mantapala haijafunguliwa 2018, hutakiwa kueleza safari hiyo kwa Kiingereza, lugha ya ofisi za Zambia. Mkalimani unaweza kumwomba, lakini karatasi uliyoandika mwenyewe hubaki kwenye faili.

Ukiandika “I have lived in Pweto for six years”, inaeleweka kwamba hadi leo unakaa Pweto. Andika “I lived”.

“When we arrived, the soldiers left”: waliondoka mlipofika, maana yake huenda mliwaona. Kama walikuwa wamekwisha kwenda, andika “had left”. Hapa ndipo wengi hukosea, na majibu ya mdomo yakapingana na karatasi.

Sisi husema “ingawa aliumwa, lakini alitembea”. Kiingereza hutaka neno moja tu: ama “although”, ama “but”.

Mkato nao si pambo. “My brother, who lives in Nchelenge, is a fisherman”: ndugu yako wa kiume ni mmoja. Ondoa mikato yote miwili, itaeleweka unao wengine. Kwa anayetafuta jamaa waliopotea, hilo si dogo.

Soma kwa sauti kabla ya kutia sahihi.