Muujiza Unaelekeza kwa Nani?

JUMATANO

Soma Kumbukumbu la Torati 13:1–4, Marko 9:41, Luka 10:17–20, 1 Timotheo 2:5, Yakobo 5:14, 15.

Mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, Mfalme Dawit alitawala Ethiopia. Katika siku zake visa vya miujiza ya Mariamu vilitafsiriwa kutoka Kiarabu kuwa Kigeez. Mwanawe, Zara Yaqob (1434–1468), aliagiza visa hivyo visomwe makanisani.

Kisa kimoja kinamhusu Belai, mla watu. Alikuwa amekula watu 78, wakiwemo wa nyumbani mwake. Maskini mwenye ukoma alimwomba maji kwa jina la Mungu, akanyimwa. Alipoomba kwa jina la Mariamu, akapewa kidogo. Belai alipokufa, matendo yake yaliwekwa katika mizani. Mariamu akamwombea, na maji yale machache yakawashinda uzito wale watu wote.

Kisa hiki kina jambo jema: hakuna tendo la huruma lililo dogo mno. Yesu mwenyewe alisema habari ya kikombe cha maji. Lakini katika Marko 9:41 kikombe hicho hutolewa kwa ajili ya Kristo, wala hakinunui msamaha. Paulo anafundisha kwamba Mpatanishi ni mmoja, naye ni Kristo Yesu. Msikilizaji wa kisa cha Belai aliondoka akiwa amejifunza kutumaini jina jingine.

Je, Kumbukumbu 13:1–4 inaweka kipimo gani kwa ishara na maajabu?

Musa hasemi kwamba ishara ya nabii wa uongo haitatokea. Anasema hata ikitokea, watu waangalie inawapeleka kwa nani. Baadhi ya waandishi waliiona hatari hiyo. Papa Gregori wa Kwanza aliandika visa vingi vya miujiza ya watakatifu wa Italia. Hata hivyo, mwaka 601 alimwonya mmishonari Augustino, aliyekuwa Uingereza, asijivune kwa sababu ya miujiza, akimkumbusha wanafunzi wa Luka 10 waliofurahi kwamba pepo wanawatii.

Swali hili limewahi kugusa hata nchi ya Kilwa. Mwaka 1905, Wamatumbi waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu walipokea maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Dhuluma waliyotendewa ilikuwa ya kweli, na ushujaa wao pia. Lakini maji hayakuzuia risasi, na wengi walikufa.

Leo mama wa Njinjo ambaye mtoto wake ana homa kali anaweza kuuziwa chupa ya maji ya upako na kuambiwa aache dawa za zahanati. Asidharauliwe kwa kutamani muujiza. Mzazi gani asingetamani? Yakobo anamwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hataji bei, wala hakatazi dawa. Basi kanisa limwombee mtoto, limsaidie mama nauli ya zahanati, na likeshe naye. Mtoto akipona, sifa ni za Mungu. Asipopona, mama huyo asiambiwe kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Kristo hajamwacha, na kanisa nalo lisimwache.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini Yesu aliwaambia wanafunzi wafurahie majina yao kuandikwa mbinguni kuliko kutiiwa na pepo?

2. Shuhuda za uponyaji zinazosimuliwa kanisani kwenu zinamwacha msikilizaji akimtazama nani?

3. Ni nani karibu nanyi anayeuguza wiki hii? Kundi lenu litamfanyia nini kabla ya Sabato?