Kabla Hujakaa Mwaka Mtaani

Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hujaa meseji za aina moja. Zinatoka kwa watoto wa shangazi, wadogo wa marafiki, vijana niliowahi kuwafundisha tuisheni: "Dada, shikamoo. Nimefaulu, ila nafikiria nikae mwaka mmoja kwanza ndiyo niende chuo. Unasemaje?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilikaa. Nilimaliza kidato cha sita 2016, nikaingia chuo 2017, na katikati hapo nilikuwa kwenye mashine ya kusaga na kukoboa mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa.

Huwa siwajibu ndiyo wala hapana. Nawauliza: Jumatatu asubuhi, saa mbili, utakuwa wapi, na nani atakasirika usipofika? Mwenye jibu namwambia akae kama anataka. Asiye na jibu namwambia aende chuo hata kama amechoka.

Kuchoka hakunishawishi. Mtihani unafanyika mwezi wa tano, vyuo vingi vinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Miezi yote hiyo katikati ni ya kwako ya kulala, labda uwe umepangiwa kambi ya JKT kwa mujibu wa sheria, ule utaratibu uliorudishwa 2013 baada ya kusitishwa 1994. Atakayetoka Makutupora au Bulombora atakuwa amechoka mwili, lakini kichwa kitakuwa kimeshapumzika na fizikia.

Na aliyepata kozi aliyoitaka, akapata na mkopo, wala asihangaike kuniuliza. Aende. Kozi haikuwekei nafasi: mwakani utashindana na waliomaliza mwakani, na kama wao wamefaulu kuliko ninyi, pointi zilizokutosha mwaka huu zinaweza zisikutoshe. Mkopo nao unaombwa upya, kwa mwongozo wa mwaka huo mpya. Usidhani pia kwamba utachukua nafasi halafu uiahirishe kirahisi. Vyuo vingi vinataka uwe umesajiliwa kwanza, na uwe na sababu nzito kama ugonjwa. "Nimechoka" si sababu.

Kwangu mambo yalikuwa hivi. Nilisoma CBG, pointi zilitosha, lakini nilichaguliwa kozi iliyokuwa ya mwisho kwenye orodha yangu. Wakati huo kaka yangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na nyumba yetu haikuwa na uwezo wa ada mbili. Kaka angemaliza mwakani. Kwa hiyo hesabu yenyewe ilikuwa rahisi: kukaa mwaka mmoja kungeshusha mzigo nyumbani na kunipa nafasi ya kuomba tena kitu ninachokitaka. Kilichobaki ni kukijua hicho kitu.

Kama wewe hukufikisha sifa, habari yako ni nyingine kabisa na mwaka wako utakuwa wa madaftari. Shahada kwa kawaida inataka ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinakufikisha mlangoni, ingawa kozi nyingi zinadai zaidi ya hapo. Unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au uanze stashahada na kuingilia shahada kwa GPA yako. Binafsi naipenda zaidi hiyo njia ya stashahada, kwa sababu unatoka na cheti mkononi hata mambo yakikwama.

Tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo mwaka mmoja hugeuka mitatu. Nilipoomba mara ya kwanza tulikuwa tunapitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 kila mtu anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na akichaguliwa zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja. Maombi ya mkopo yanakwenda sambamba na hayo, na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne lazima iwe ileile huku na huku. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa RITA. Mwenye mzazi aliyefariki anahakiki na cheti cha kifo. Haya yote huwezi kuyafanya wiki ya mwisho ukiwa kwenye foleni ya steshenari, mtandao unazunguka, na nyuma yako wapo wenzako wenye shida hiyohiyo.

Tatizo kubwa ninaloliona kwa vijana ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hadija, cha shule Khadija, na NIDA wamemwandika kwa jina la babu badala ya la baba. Aliyekaa mtaani ana miezi ya kulinyoosha hilo kwa wakili na hati ya kiapo. Lifanye mwezi wa kwanza, kabla hujazama kwenye kazi. Ukishamaliza, rudi shuleni kwako ukafuatilie cheti cha kidato cha sita kikishatoka, utengeneze nakala, uziweke kwenye bahasha moja, na bahasha umkabidhi mtu ambaye hahamihami.

Sasa kazi. Mjomba wa rafiki yangu alikuwa na mashine pembeni ya soko la mahindi, lile soko kubwa linaloonekana ukipita barabara ya Dodoma na Morogoro. Alihitaji mtu wa kuandika daftari. Nilisema nitaandika, na nikamwomba aniruhusu nijifunze mashine pia. Kazi ya daftari ni kupokea gunia, kupima, kuandika la nani na linataka nini: kusaga dona au kukobolewa kwanza kwa ajili ya sembe. Pumba zina bei yake, na zina ugomvi wake, maana mama aliyeleta debe moja anataka pumba zake, na mfugaji wa nguruwe aliyesimama mlangoni anazitaka pia. Umeme ukikatika katikati ya gunia, wote wanakugeukia wewe mwenye kalamu.

Mwaka huohuo wa 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na haiondoki kwa kupika. Habari ilipoenea, wateja walianza kuja na maswali ambayo sisi wa mashine hatukuwa na majibu yake. Afisa ugani alipita akatuonyesha jambo moja ambalo sijalisahau. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi hadi karibu nusu, unaongeza chumvi kavu vijiko kadhaa, unafunika na kutikisa. Ukiiacha itulie, halafu chumvi ikawa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani, tena juu ya turubai, yasigusane na udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka kiasi cha kuhifadhi. Niliweka chupa yangu juu ya meza ya daftari na nikawa napima kila gunia nililolitilia shaka. Bosi hakupenda mwanzoni, kwa sababu nilikuwa nawarudisha wateja. Wateja wakapenda, naye akapenda.

Pale ndipo swali langu lilipozaliwa. Tulikuwa tunaambiwa dona ni bora kuliko sembe kwa sababu haijapoteza virutubisho vya ganda na kiini. Lakini kuvu hushambulia zaidi sehemu hizohizo, na ukikoboa, sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Basi mama wa Kongwa mwenye mahindi ya wasiwasi asage dona au akoboe? Na ng'ombe anayekula zile pumba? Kwenye kitabu cha baiolojia sikuwahi kukutana na swali lililoninyima usingizi namna ile. Nilipoomba tena 2017, niliomba sayansi na teknolojia ya chakula pale SUA, Morogoro, na kwenye orodha yangu hapakuwa na kozi ya kujazia.

Naieleza hadithi hii ndefu kwa sababu watu hudhani faida ya mwaka wa nje ni kujitafakari. Mimi sikujitafakari hata siku moja, nilikuwa na mahindi ya kupima. Ila nilikuwa mahali ambapo kazi inagusa somo nililolisoma, hata kwa mbali. Kwa hiyo ukitafuta cha kufanya, usianze na mshahara. Aliyesoma EGM akakae kwenye duka la jumla lenye hesabu za kweli. Anayefikiria ualimu akafundishe tempo shule binafsi: baada ya muhula mmoja mbele ya kidato cha pili atajua kama anaipenda chaki au anapenda tu likizo. Anayetaka uhandisi achukue kozi fupi VETA, ashike chuma.

Dada zangu nawaongezea jambo. Mvulana akikaa nyumbani bila kazi, nyumba inamwona mzembe. Msichana akikaa, nyumba inamwona ni msaada. Utashtukia unapika kwa ajili ya watu wote, unamlea mtoto wa dada, unauza genge la mama, na jioni unaambiwa kuna mgeni anataka kuleta barua. Nchi hii imeshawahi kukufanya kukaa nje kabla ya chuo kuwa sharti. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wanaomaliza kidato cha sita wafanye kazi angalau miaka miwili kabla ya chuo kikuu, na wapate mapendekezo kutoka kazini. Wazo halikuwa baya: mtu aende chuo akiujua uzito wa jembe. Lakini haikupita miaka mingi wasichana wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja, kwa sababu idadi yao chuoni ilikuwa imeshuka. Waliobaki nje hawakurudi kama wavulana walivyorudi, na utaratibu wenyewe ukaja kuondolewa miaka ya 1980.

Ndiyo maana nasisitiza bosi wa nje. Mimi mama yangu hakuwa mkorofi, lakini angenituma. Mwenye mashine ndiye aliyenikinga: saa moja na nusu asubuhi nilikuwa natakiwa pale, na hilo nyumbani walilielewa kuliko neno "najisomea". Kama kazi hakuna, tafuta hata ya kujitolea, mradi iwe na mlango, saa ya kuingia na mtu anayekujua kwa jina.

Kumwambia mzazi nako kuna namna yake. Usimwambie "nataka kupumzika". Mzee aliyelima ili wewe usome hawezi kulielewa hilo, na ana haki. Nenda na karatasi: nitakuwa kwa fulani, nitaweka akiba kiasi hiki, dirisha la maombi likifunguliwa nitaomba kozi hizi. Baba yangu alisikiliza, akasema kitu kimoja tu, kwamba mtoto akishika hela hasomi tena. Nilikasirika kimoyomoyo. Baadaye niliona alichokuwa anakisema. Kati ya tuliobaki mtaani mwaka ule, waliopotea hawakuwa wavivu. Mvivu huchoka kukaa, akaenda chuo. Aliyepotea ni yule ambaye bodaboda ilimlipa vizuri, au uwakala wa M-Pesa ulichanganya, akaona chuo cha nini. Sina ugomvi na uamuzi wake kama aliuamua. Wengi hawakuuamua, waliahirisha tu kila mwezi wa nane.

Akiba yenyewe iwe na jina. Nilicheza mchezo na akina mama wauza maharage, na zamu yangu niliiomba iwe ya mwisho ili fedha ije karibu na chuo kufunguliwa. Ilikwenda kwenye godoro, nauli, kodi ya chumba na bima ya afya ya mwanafunzi, iliyokuwa shilingi 50,400. Bumu halitoki siku unayoshuka kwenye basi, hivyo hata mwenye mkopo anahitaji hela ya kula wiki za kwanza.

Kuhusu kusahau masomo: utasahau, lakini si kwa kiasi unachokiogopa. Jumamosi nilikuwa nafundisha kemia watoto wa kidato cha pili, na hiyo ilinitosha. Hisabati ndiyo iliyoniuma muhula wa kwanza, kwa hiyo kama kozi yako ina hisabati, fungua daftari lako la zamani kuanzia mwezi wa tano.

La mwisho ni kumuaga bosi mapema. Nilimwambia wangu mwezi wa sita, kabla hata sijaomba, kwamba mwezi wa kumi naondoka. Alinuna siku mbili tatu. Kisha akamleta binamu yake nimfundishe daftari, na somo la kwanza nililompa lilikuwa la chupa na chumvi.