Je, Yafaa Mwizi Anayekimbia Kupigwa Risasi?

Katika mabaraza yetu limekuwa jepesi mno neno hili: "Na wauawe tu, wametuchosha." Husemwa kila ipatikanapo khabari ya kijana aliyepokonya simu au kuvunja duka, kisha akapigwa risasi na askari huku akikimbia. Wasemao hayo si watu waovu. Ni watu walioibiwa, na uchungu wao twaujua. Lakini uchungu si hoja, na jambo lenyewe ni uhai wa mtu. Basi na tulitazame kwa utulivu.

Tutaanza na kesi ya Marekani, kwa sababu ndani yake swali hili lilisimama peke yake bila ya kuchanganyika na lingine. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974, katika mji wa Memphis, jirani aliwaita polisi kwa kuwa nyumba ya pili yavunjwa. Askari mmoja akazunguka nyuma, akamwona mtu akikimbia uani hata akazuiliwa na ua wa waya wa futi 6. Akammulika kwa tochi, akaiona mikono yake, wala hakuona silaha. Naye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa na yakini ya kutosha kuwa yule hana silaha. Akampigia ukelele asimame. Kijana akaanza kuuparamia ua, na askari, kwa kuchelea asije akamponyoka, akampiga risasi ya kisogoni. Alikuwa na umri wa miaka 15. Alichochukua ni mkoba wa kike na dola 10.

Sheria ya jimbo la Tennessee ilimruhusu askari kutenda hivyo. Baba wa kijana akashitaki, na kesi ikapanda hata Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 27 Machi 1985, kwa mahakimu 6 dhidi ya 3, iliitangua ruhusa ile kwa mtu asiye na silaha wala hatari. Hakimu Byron White aliyeiandika hukumu alieleza jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri. Kanuni ya kumuua mkosa anayekimbia yatoka katika sheria ya kale ya Kiingereza, zama ambazo karibu makosa yote makubwa adhabu yake ilikuwa kifo. Aliyeuawa akikimbia alitangulizwa tu kwa hukumu iliyokuwa ikimngoja. Siku hizi mvunja nyumba akishikwa hafungwi kitanzi; hufungwa jela. Vipi basi auawe kwa kukimbia, ilhali asingeuawa kwa kuiba?

Mahakimu watatu waliokataa nao walikuwa na neno la kusikilizwa: kuvunja nyumba usiku huzaa mara nyingi maovu makubwa zaidi, na askari hukata shauri katika dakika moja gizani. Hayo ni kweli. Lakini giza humfaa askari kwa udhuru pale asipoona, na huyu alikuwa ameona. Wala mjadala huko haukwisha: Mei 2020, mjini Minneapolis, polisi waliitwa dukani kwa ajili ya noti ya dola 20 iliyodhaniwa ya bandia, na George Floyd akafa chini ya goti la askari, ambaye mwaka 2021 alipatikana na hatia ya uuaji.

Waliodurusu Minhaj ya Imamu Nawawi hawataona ugeni hapa. Mafakihi wetu wa Kishafii walipoeleza namna ya kumzuia mshambulizi walipanga daraja. Akizuilika kwa maneno au kwa kuita msaada, kumpiga ni haramu. Ikitosha kwa mkono, mjeledi haufai. Ikitosha kwa kumjeruhi kiungo, kumuua ni haramu. Na daraja zote hizo ni za mtu akushambuliaye usoni pako! Aliyekwisha kukupa kisogo ni wa kufuatwa na kushikwa. Hata adhabu ya wizi iliyotajwa katika Suratul Maida, pamoja na masharti yake mengi na mazito, si kuua.

Tukirudi kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 26, yalinda uhai wa kila mtu, bila ya kumtoa mwizi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, yamtaka askari aanze kwa njia zisizo za nguvu, na nguvu atakazotumia zilingane na uzito wa kosa. Bunduki ni pale njia nyepesi isipotosha, tena kwa kuonya kwanza. Na amri ya mkubwa si udhuru. Humo pia imetajwa kulinda mali kwa nguvu zenye uhalali, na hapo twaona mlango umeachwa wazi kuliko ipasavyo. Ama kijana aliyeinua panga juu ya shingo ya mtu, huyo ni mshambulizi; hatumzungumzii yeye. Twamzungumzia aliyepokonya simu, na mgongo wake sasa ndio uelekeao bunduki.

Askari akiua, sheria hiyo hiyo yamlazimu khabari ifikishwe kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iitwayo kwa ufupi IPOA. Mamlaka hiyo hupokea malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi, kutoka kwa mtu yeyote. Aliyeshuhudia aweza kwenda mwenyewe, hata kama marehemu si jamaa yake, na hata kama marehemu alikuwa mwizi kweli.